Si Kila Seli ya Bluu ni Burkitt

Mtoto wa miaka sita kutoka Bondo akiletwa Kisumu taya limevimba, meno yanalegea na jicho linasukumwa nje, wodi nzima huwa na jibu kabla ya sindano kutolewa kwenye karatasi. Jibu ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu, na mara nyingi ni la kweli. Saratani hii ni adimu Ulaya, lakini kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria haina msimu na kirusi cha Epstein-Barr humpata mtoto angali mchanga, ndiyo inayofikiriwa kwanza. Hatari iko kwa yule mtoto mwingine mwenye taya hilohilo, jicho hilohilo, ambaye ugonjwa wake ni rabdomiosakoma (saratani ya misuli) au nyuroblastoma (saratani ya neva), ambazo seli zake nazo huonekana za bluu kwenye hadubini. Mahali pengine duniani daktari hukosea kwa sababu hajawahi kuiona Burkitt. Huku kwetu anakosea kwa sababu ameiona mno.

Sindano nyembamba, ile ambayo hospitalini huitwa FNA, ni chombo kinachofaa kabisa hospitali za kaunti za magharibi mwa Kenya. Kinachoiharibia sifa ni desturi ya kumdunga mtoto, kupaka slaidi mbili, kisha kumwaga kilichobaki. Slaidi hizo mbili zinaweza kusema kuna saratani. Mara nyingi haziwezi kusema ni saratani gani. Mtoto mwenye uvimbe asidungwe kabla ya kichupa cha kuhifadhia seli za ziada kuwa mezani, kimefunguliwa, kimeandikwa jina.

Sababu ya kuitetea sindano ni muda. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuwa maradufu kwa saa 24 hadi 48. Kipande cha nyama kikikatwa na kupelekwa mji mwingine kwa basi, kikalowekwa, kikatiwa nta, kikachongwa na kusomwa, wiki mbili tatu huwa zimekwenda, na mtoto aliyekuja akitembea anabebwa. Slaidi iliyopakwa saa tatu asubuhi inaweza kusomwa kabla ya chakula cha mchana. Tena sindano haihitaji chumba cha upasuaji. Mtoto mwenye uvimbe wa shingoni hupakatwa na mamake, anapakwa ganzi ya krimu, kazi inaisha.

Lakini kazi hiyo ina ufundi, na mengi huharibika ndani ya dakika moja ya kwanza. Sindano iwe ya geji 23, ile yenye kitako cha buluu, au 25 ya rangi ya chungwa. Wanaochukua sindano nene ya kijani wakidhani watapata seli nyingi huishia kupata damu nyingi. Uvimbe ubanwe kwa vidole viwili usikimbie. Sindano ikishaingia, bomba la mililita 10 livutwe kidogo tu, kisha sindano iende mbele na nyuma mara 10 hadi 15 kwa haraka, ikibadili mwelekeo kidogo. Kwenda huko na kurudi ndiko kunakokata seli. Mvuto wa bomba unasaidia tu kuzipandisha. Kwa uvimbe wenye damu nyingi, kama tezi ya shingo au kinundu cha taya, ni bora kuacha bomba kabisa na kutumia sindano peke yake. Damu ikionekana kwenye kitako, simama. Na bomba liachiliwe kabla ya sindano kutoka kwenye ngozi. Ukitoka nayo ukiwa bado unavuta, seli zote hurukia ndani ya bomba na hutazipata tena.

Sasa sindano inachomolewa kwenye bomba, bomba linajazwa hewa, sindano inarudishwa, ncha inaguswa kwenye slaidi, na tone dogo linasukumwa. Tone la milimita mbili au tatu linatosha. Slaidi ya pili inawekwa juu na kuvutwa mara moja, bila kukandamiza. Seli za uvimbe wa watoto ni dhaifu sana: mkono mzito huzichana viini vikawa nyuzi za bluu, na nyuzi hazina jina. Slaidi moja ipeperushwe ikauke upesi. Nyingine izamishwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 papo hapo, kabla hata ya kupumua, maana sekunde chache za hewa zinatosha kuivimbisha seli na kuififisha. Majina yaandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli na kumwacha mtoto bila jina.

Kisumu kuna shida ya ziada ambayo vitabu vya nchi baridi havina: unyevunyevu. Msimu wa mvua ndefu slaidi hukauka polepole, seli zinanywea, na saitoplazimu, sehemu ya seli inayozunguka kiini, inaingia vitundu ambavyo si vyake. Hili si jambo dogo, kwa sababu vitundu kwenye saitoplazimu ni moja ya alama zinazotafutwa ili kuita Burkitt. Feni ndogo ya meza, au kikausha nywele kilichowekwa upande wa hewa baridi, huondoa tatizo lote. Ni kifaa cha saluni kinachostahili kuingia kwenye orodha ya manunuzi ya maabara.

Habari njema ni kwamba rangi inayohitajika ipo tayari karibu kila hospitali ya kanda hii. Ni Giemsa, ileile ya malaria. Mtaalamu wa maabara wa Siaya au Homa Bay ambaye amesoma slaidi za malaria kwa miaka ana mkono, ana hadubini yenye lenzi ya mafuta ya mara 100, na ana jicho. Anachopaswa kubadili ni kidogo. Slaidi ya tone nene la damu ya malaria haipitishwi kwenye methanoli, maana inatakiwa seli nyekundu zipasuke. Slaidi ya uvimbe lazima ipite kwenye methanoli safi kwanza, ama sivyo seli zitapasuka nazo. Methanoli iliyoachwa wazi hunyonya maji hewani na kuacha vimetameta juu ya seli, kwa hiyo ibadilishwe mara kwa mara. Giemsa ya asilimia 10 ikikaa dakika 10 inatosha kwa malaria. Uvimbe wenye seli nyingi huhitaji kukaa zaidi kidogo, na tabaka nene huenda likahitaji dakika 20.

Kosa moja linalorudiwa kila mahali linahusu usafirishaji. Slaidi zilizokauka huwekwa kwenye mfuko mmoja na kichupa cha fomalini, mfuko unafungwa, unapewa kondakta. Mvuke wa fomalini hupenya na kuzishika seli kabla ya rangi. Zikifika kwa mwanapatholojia na kutiwa Giemsa, zinatoka za buluu iliyofifia, viini havina undani, na ripoti inasema "sampuli haikufaa" ilhali ilitolewa vizuri. Slaidi zisafiri peke yake, zikiwa zimeshapitishwa kwenye methanoli, na fomalini isafiri kwenye mfuko mwingine, ikiwezekana basi lingine.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Slaidi iliyotengenezwa vizuri ya Burkitt ina mwonekano unaokaa kichwani: seli za ukubwa wa wastani zinazofanana, kila moja imesimama peke yake, saitoplazimu buluu iliyokolea mno, vitundu vidogo vya mafuta vyenye mipaka safi, seli nyingi zikigawanyika, na katikati yao seli kubwa zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa. Nyuma, uwanja umejaa vipande vidogo vya saitoplazimu vilivyotawanyika, alama kwamba seli hizi zimetoka katika ukoo wa limfu. Msomaji mzoefu akiona yote hayo kwa mtoto wa kando ya ziwa, ana haki ya kupiga simu wodini siku hiyohiyo.

Ila yote hayo hayaonekani pamoja kila mara. Sakoma ya Ewing, saratani ya mifupa na nyama laini, ina vitundu pia, ingawa vya glaikojeni (akiba ya sukari), na kwenye slaidi iliyokauka vibaya ni rahisi kuvichanganya. Dalili yake ni mchanganyiko wa seli nyepesi kubwa na seli nyeusi zilizobanana. Rabdomiosakoma hupenda jicho, pua na uso, kama Burkitt. Hapo msomaji atafute seli chache zenye saitoplazimu ndefu ya waridi, nyingine zikiwa na viini viwili. Nyuroblastoma huanza tumboni, juu ya figo au kando ya uti wa mgongo, ikaenea hadi mifupa ya jicho na kulizungushia weusi kama aliyepigwa ngumi. Tumbo na jicho kwa pamoja, hapo kila mtu husema Burkitt. Lakini seli za nyuroblastoma hushikana, wakati mwingine zikajipanga duara kuzunguka nyuzinyuzi laini za waridi. Kushikana kwenyewe ni onyo. Seli za limfoma hazishikani, isipokuwa slaidi ni nene au damu imeganda.

Aina inayodanganya zaidi haitoki nje ya ukoo wa limfu. Limfoma ya limfoblasti ina seli ndogo zenye saitoplazimu haba na kiini laini kama vumbi, na mara nyingi huja na uvimbe kifuani. Kwa rangi ya Giemsa pekee, wasomaji wawili wazuri wanaweza kutofautiana. Tofauti hiyo ina uzito: Burkitt hutibiwa kwa miezi michache ya dawa kali, saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati zikiwa mstari wa mbele. Limfoblasti hutibiwa kama lukemia, miaka miwili au zaidi. Mtoto aliyepewa dawa ya jirani yake huitikia vizuri mwanzoni, uvimbe unanywea, familia inashukuru, halafu ugonjwa unarudi ukiwa umeshazoea dawa.

Ndiyo maana bloku ya seli, yaani seli za ziada zilizogandishwa pamoja na kutiwa kwenye nta, si anasa. Baada ya slaidi za mdungo wa kwanza, mdungo wa pili na wa tatu uingie wote kwenye kichupa. Maabara ikiwa jengo hilohilo, tumia maji ya chumvi ya hospitali. Ikiwa mbali, tumia fomalini ya asilimia 10. Seli huzungushwa kwenye mashine dakika 10 zikae chini, maji yanamwagwa, matone mawili ya plazma na mawili ya thrombini yanaongezwa, na ndani ya dakika chache kinatokea kijibonge kinachofungwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye nta kama nyama yoyote. Plazma iliyopitwa na muda, ambayo benki ya damu ilikuwa inakwenda kuitupa, inafanya kazi. Fomalini huzuia damu kuganda, kwa hiyo sampuli iliyokuja ndani yake ioshwe kwa maji ya chumvi kwanza. Wengi hukwama hapo, wakatangaza kwamba mbinu haifanyi kazi.

Bloku moja nzuri hutoa vipande vingi vya kupaka rangi za kingamwili, kila moja ikitafuta protini yake kwenye seli. Orodha ya kuanzia haihitaji kuwa ndefu: CD45, CD20, CD3, TdT, CD99, desmini, sinaptofizini, na Ki-67. Burkitt itakuwa na CD20, itakosa TdT, na Ki-67, inayohesabu seli zinazogawanyika, itakaribia asilimia 100. TdT ikiwaka, ni limfoblasti. Desmini inaelekeza kwenye msuli, sinaptofizini kwenye neva. Onyo: CD99, ambayo wengi huiita rangi ya Ewing, huwaka vilevile kwenye limfoblasti. Anayenunua rangi moja ili kuokoa pesa amenunua kosa. Na Ki-67 ya juu peke yake haithibitishi Burkitt, kwa kuwa uvimbe mwingi wa watoto hugawanyika kwa kasi.

Jiografia inasaidia kusoma slaidi kuliko wengi wanavyokubali. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya mwaka 1958. Alipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1961 aliona kwamba ugonjwa unakuwa haba sana mtu akipanda juu ya mita 1,500 hivi. Kisumu iko kwenye mita 1,130 au karibu na hapo. Nakuru iko juu ya 1,800. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Molo, nyanda za juu, akiwa na taya limevimba hana uwezekano wa Burkitt sawa na mtoto wa Ahero, tambarare ya ziwa, na mwanapatholojia hawezi kujua hilo kama fomu imeandikwa "uvimbe, ?Burkitt" na kusainiwa. Fomu iseme umri, mahali uvimbe ulipo, siku ngapi umekua, alikoishi mtoto, hali ya virusi vya Ukimwi, na kama amepewa steroidi. Hilo la mwisho ni muhimu. Deksamethasoni au prednisoloni iliyotolewa kwa nia njema ili kupunguza uvimbe huua seli za limfoma kwa siku chache, na sindano ikija baadaye hupata mabaki yasiyosomeka.

Kuna mahali sindano haingii. Jicho lenye mboni nyeupe ni retinoblastoma hadi ithibitike vingine, na kulidunga kunaweza kuupeleka ugonjwa nje ya jicho. Uchunguzi wake ni wa macho na picha. Korodani pia haidungwi kupitia ngozi ya mfuko wake. Uvimbe wa figo kwa mtoto wa umri wa kawaida wa Wilms (saratani ya figo ya watoto), ukiwa na picha nzuri, huanzishiwa dawa bila kudungwa kwa itifaki ya SIOP, jumuiya ya kimataifa ya saratani za watoto, wakati ile ya Marekani inahesabu biopsi yoyote kuwa sababu ya kupandisha ugonjwa hadi hatua ya tatu. Hospitali ichague itifaki moja na kuifuata. Kuchanganya mbili ni kumtesa mtoto mara mbili. Ini lililovimba kwa mtoto chini ya miaka mitatu lipimwe AFP ya damu, protini inayopanda kwenye saratani ya ini ya watoto, kabla ya kitu chochote.

Kabla ya kudunga, vitu viwili vya bei nafuu: picha ya damu, na eksirei ya kifua. Lukemia huonekana kwenye damu yenyewe na kumwepusha mtoto na sindano, tena huonya kama chembe sahani ziko chini. Mtoto mwenye uvimbe kifuani asilazwe chali wala asipewe dawa ya usingizi ili adungwe, kwani njia ya hewa inaweza kuzibwa kabisa. Akiwa na maji kuzunguka pafu au tumboni, yatolewe hayo akiwa ameketi. Seli zilizomo hutoa jibu lilelile kwa hatari ndogo, na bloku inayotokana nazo huwa nono.

Tezi za shingo ni kesi nyingine. Huku kifua kikuu ni cha kawaida kuliko limfoma yoyote, na sindano hiyohiyo hujibu maswali yote mawili ikigawanywa vyema: slaidi za Giemsa, slaidi ya Ziehl-Neelsen (rangi ya kutafuta bakteria wa TB), na matone kadhaa ya usaha kwenye kichupa kikavu kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB. Kichupa hicho kisiwe na fomalini. Kinachoudhi ni mtoto anayeanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, anazinywa miezi miwili, tezi zinakua, na hapo ndipo mtu anakumbuka sindano.

Wapo wanaosema biopsi ya sindano nene, ya geji 16 au 18 chini ya altrasaundi, ni bora, na tusipoteze muda na seli zilizotawanyika. Kwa magonjwa kadhaa wana haki kamili. Aina ndogo za limfoma ya Hodgkin, uvimbe wa mifupa, na kutenganisha rabdomiosakoma ya alveoli na ya kiembrio vyahitaji mpangilio wa nyama, na mpangilio haupo kwenye slaidi ya kupaka. Hoja yao inalegea inapodhani kwamba hospitali ya rufaa iko mlangoni. Ilipo Jaramogi, ambayo wenyeji wengi wa Kisumu bado huiita Russia, au Moi kule Eldoret, mbinu zote mbili zinaweza kufanywa wiki hiyohiyo. Anayetoka Migori au Busia anahitaji kujulikana leo kama ni wa kukimbizwa au wa kupangiwa. Sindano nyembamba iliyogawanywa vizuri hufanya hivyo, na mara nyingi hufika mbali zaidi.

Ripoti nayo ibadilike. "Seli ndogo duara za bluu, linganisha na hali ya mgonjwa" ni sentensi ya kujilinda, haimsaidii daktari wa zamu. Kwa tezi, mfumo wa Sydney uliochapishwa mwaka 2020 una madaraja matano, kutoka sampuli isiyotosha hadi saratani, na kila daraja lina hatua inayofuata. Kwa uvimbe mwingine wa watoto, ripoti itaje angalau mambo manne: sampuli inatosha au la, ukoo unaoelekea, ukoo ambao haujaondolewa, na kipimo gani kitautenganisha. "Inaelekea Burkitt, TdT inasubiriwa, anza maji na alopurinoli" ni ripoti inayotibu. Maji na alopurinoli humkinga mtoto na sumu ya seli zinazovunjika dawa zikianza, na kwa kawaida havimdhuru hata jibu likibadilika.

Kama hakuna mwanapatholojia karibu, simu iliyowekwa kwenye lenzi ya hadubini hutuma picha nzuri kwa anayeweza kusoma. Apewe picha za mara 10 zinazoonyesha slaidi nzima ilivyo, za mara 40, na za mafuta, kutoka sehemu kadhaa. Anayepiga picha huchagua seli zinazofanana na anachodhani, na msomaji wa mbali huona hizo tu. Kwa hiyo sehemu tatu za kwanza zipigwe bila kuchagua, kutoka pembe tofauti za slaidi, ndipo zifuate zile zilizomvutia. Jina la mtoto lisionekane. Nambari ya faili inatosha, na iwe ileile iliyo kwenye bloku, kwa sababu bloku ikitunzwa inaweza kutumwa miezi baadaye kupimwa jeni ya MYC, inayovurugika kwenye Burkitt, na bloku isiyo na nambari haitumwi popote.